Ukisikia, Inua Mkono

Mkono wa Ndeshi ulikuwa umetulia juu ya goti lake, na baba yake hakuwa akitazama kitu kingine chochote.

Gadiel alikuwa ameketishwa kwenye benchi nyuma ya binti yake, katika chumba kidogo cha kliniki ya masikio mjini Arusha. Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na vipande vya magodoro ili kelele za mtaani zisipite. Zilipita hata hivyo: honi, wabeba mizigo, na muuza kanda za muziki aliyekuwa amefungulia spika zake kwa nguvu zote. Mbele, mezani, alikaa Hafidha, msichana wa mjini aliyemaliza mafunzo ya kupima usikivu mwaka huohuo. Alikuwa na mashine yenye vitufe, na zile spika za kuvaa kichwani, kama za mtangazaji wa redio, alikuwa ameshamvisha Ndeshi.

“Baba, nakuomba usitikisike,” alikuwa amemwambia Gadiel. “Hata kukohoa usikohoe. Akigeuka akakuona umefurahi, atajua kuna sauti imepita, na mimi sitapima sikio, nitapima uso wako.”

“Sitatikisika, mwanangu.”

“Na kama hakuna kitu, usisikitike mbele yake.”

Kwa hilo Gadiel hakuahidi.

Ndeshi alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Alikuwa amesoma muhula mmoja wa kidato cha kwanza katika sekondari ya kutwa, chini ya mlima, ndipo homa ya uti wa mgongo ikamwangusha. Hospitali iliokoa uhai wake. Alipofumbua macho alimwona mama yake akichezesha midomo pembeni ya kitanda, akakasirika. “Mama, kwa nini unaninong'oneza?” Mama yake hakuwa akinong'ona. Alikuwa akilia kwa sauti, akimshukuru Mungu.

Tangu siku hiyo Ndeshi hakurudi shuleni. Mkuu wa shule, Mwalimu Ephraimu, hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha Gadiel ofisini, akamfungulia dirisha aone darasa. “Tazama mwenyewe, mzee. Wengine wanakaa dirishani. Hebu nenda akapimwe. Akiwa anasikia chochote, hata kidogo, nitamweka mbele kabisa, karibu na mdomo wa mwalimu. Lakini asiposikia kabisa, nitakuwa namfuga tu, na nafasi nimemnyima mwingine.” Kwa hiyo Gadiel alikuja mjini kutafuta hicho *kidogo*. Hakutaka kingi.

Hafidha alianza kwa kuchungulia ndani ya masikio kwa tochi ndogo. Hapakuwa na nta wala usaha, na ngoma ya sikio ilikuwa nzima. Gadiel alifurahi, lakini Hafidha hakufurahi naye. Alieleza kwamba tatizo likiwa mlangoni, mara nyingi huondolewa au hutibiwa. Mlango ukiwa mzima na bado mtu hasikii, basi tatizo liko ndani zaidi, na huko tochi haifiki. Ndiyo maana mashine ilihitajika. Ingetoa sauti moja moja, kuanzia nyembamba kama ya filimbi hadi nzito kama ya ngoma, na kila moja angeipandisha polepole mpaka Ndeshi aipate. Hapo wangejua sauti zipi zimebaki na zipi zimekwenda, na kama kuna kifaa kinachoweza kuzifikia zilizobaki.

Kisha alichukua ubao mdogo na chaki, kwa kuwa maneno ya kusemwa hayakumfikia tena Ndeshi, akaandika: UKISIKIA, INUA MKONO. HATA KAMA NI KIDOGO SANA.

Ndeshi alisoma kwa sauti, kama aliyeitwa na mwalimu asimame. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda na kushuka ovyo. “Nimeelewa, dada. Hata kidogo sana.” Akaketi wima, akaweka mkono juu ya goti.

Zile sauti nyembamba zilikuja zikapita. Hafidha alipandisha mashine hadi mwisho wake, hata Gadiel kule nyuma akazisikia zikivuja kutoka kwenye spika, kali kama mbu. Mkono haukutoka gotini. Zikaja za katikati. Mkono haukutoka. Gadiel alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na moyoni alikuwa akisema maneno yaliyofanana na sala ingawa hayakuwa sala: Inua, mama. Inua tu.

Hafidha akaja kwenye zile nzito. Akapandisha. Akapandisha tena.

Mkono ukainuka.

Ukainuka wima, vidole vimenyooka, kama wa mwanafunzi mwenye jibu. Hafidha akanyamazisha mashine, mkono ukashuka. Akarudisha sauti, mkono ukainuka. Sikio la pili, vivyo hivyo. Gadiel alisahau aliyoagizwa, akasimama.

“Ameinua!”

“Ameinua, baba,” alisema Hafidha, naye macho yake yalikuwa yanang'aa. “Zile nzito zimebaki. Kidogo, lakini zimebaki.”

Kliniki ilikuwa imepokea vifaa vichache vya msaada, vya aina ya zamani: kiboksi cha kuning'iniza kifuani, na waya unaopanda hadi sikioni. Hafidha alimvalisha Ndeshi kimoja kwa kumwazima. Wakae nacho kwanza, alisema, wafanye mazoezi nyumbani, kisha warudi ampime tena. Kifaa kilipowashwa, Ndeshi alishtuka, akashika shavu, akacheka.

“Nasikia!” alipiga kelele. “Baba, nasikia!”

*

Nyumbani kwao kulikuwa juu, kwenye miteremko ya Nkoaranga, ambako shamba la kahawa na migomba huanzia mlangoni na kuishia korongoni. Habari ilipanda kilima kabla yao. Mama Ndeshi alikuwa amesimama uani. Alimzunguka mtoto wake hadi nyuma, akasema taratibu, “Ndeshi.”

Ndeshi akageuka. “Abee, mama.”

Mama Ndeshi aliketi chini palepale, kwenye maganda ya kahawa.

Siku zilizofuata zilikuwa njema kuliko zote tangu homa. Jioni, kazi zikipungua, Gadiel alisimama nyuma ya binti yake na kuita, na binti aligeuka. Akigonga sufuria, aligeuka. Akipiga makofi, aligeuka. Ndeshi alikuwa akisema kwamba kwa sasa sauti zote zimefanana, ni mvumo tu, lakini akizoea zitaachana, moja itakuwa *a* na nyingine *e*, kama vile alipoanza kusoma darasa la kwanza na herufi zote zikaonekana ni mikwaruzo. Alizungumza hivyo kwa uhakika wa mtoto ambaye hajawahi kushindwa somo. Alitoa sketi yake ya shule, akashusha pindo, kwa sababu alikuwa amerefuka kitandani.

Mdogo wake Gadiel, Eliamini, mtu wa mizaha, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Maji ya Chai na kurudi na maneno ya sokoni, alikitazama kile kiboksi siku nzima.

“Kaka, hiyo redio ya mwanao inakamata stesheni gani? Maana siku hizi redio zimekuwa nyingi, kila tajiri ana yake.”

“Acha upuuzi, Eliamini.”

“Nauliza tu. Isije ikawa inakamata Nairobi, mtoto akaanza kutuvimbia.”

Mama Ndeshi alicheka. “Shemeji, wewe hata ukipewa masikio manne huwezi kusikia la mtu.”

“Mimi nasikia sana, shemeji. Ninachokosa ni kutii.” Eliamini akasogea nyuma ya Ndeshi, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, “Mbuzi wewe.”

Ndeshi akageuka, akatabasamu. “Abee, baba mdogo.”

Eliamini alicheka hadi akajishika mbavu. “Kaitika! Mbuzi kaitika!” Ndeshi naye, kwa kumwona baba yake mdogo akicheka, akacheka. Mama Ndeshi akamrushia Eliamini gunzi la hindi. Lakini Gadiel hakucheka. Kitu kilikuwa kimepita ndani yake, chembamba na baridi.

Alisubiri Eliamini aondoke. Kisha alisimama nyuma ya Ndeshi, mahali palepale, akaita, “Ephraimu!”

Ndeshi akageuka. “Abee.”

Gadiel alimgusa bega ili amtazame mdomoni, akamwuliza polepole, “Nimeita nani?”

“Umeniita mimi. Ndeshi.”

“Geuka tena.” Akaita, “Maji!”

“Abee.”

“Nimesema nini?”

“Umesema Ndeshi.” Uso wake ulikuwa na furaha. “Sasa naanza kuisikia vizuri, baba. Inaanza kuwa kama jina langu.”

Usiku Gadiel alimweleza mkewe. “Anasikia kuwa pana sauti,” alisema Mama Ndeshi. “Huo ni mwanzo. Maneno yatakuja baadaye. Hata mtoto mchanga huanza hivyo.”

“Ndiyo,” alisema Gadiel.

“Basi usimtilie mkosi.”

*

Waliporudi kliniki, Ndeshi alikuwa amevaa sare ya shule. Alikuwa ameamua mwenyewe. Wakitoka hapo, alisema, wapitie moja kwa moja kwa Mwalimu Ephraimu, asije akabadilisha mawazo. Kwenye benchi la nje walikuwepo watu wanaosubiri, miongoni mwao mama mmoja wa Nduruma mwenye kanga kichwani, aliyekuwa akiinamisha sikio kwa kila aliyemsalimu na kusema, “Eti? Rudia, mwanangu, rudia.”

“Shikamoo, baba,” alisema Hafidha.

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Haya, niambieni, mazoezi yamekwendaje?”

Gadiel alikuwa amejiahidi njiani kwamba atasema tu yale mazuri. Lakini msichana huyu alimtazama kwa namna ya mtu anayetaka kujua kweli, na mzee akajikuta anasema yote: jina, sufuria, mbuzi, Ephraimu, maji. Alitegemea Hafidha atacheka na kumtuliza. Hakucheka. Alipunguza tabasamu lake kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza utambi wa taa.

“Anageuka kwa kila kitu?”

“Kwa kila kitu. Na mara zote anasema nimemwita yeye.”

Hafidha alimrudisha Ndeshi kwenye kiti kilekile, akaanza na zile nzito. Mkono ukainuka, kwa nguvu ileile ya mashine kama mara ya kwanza. Gadiel alivuta pumzi. Basi bado. Bado kipo, kile kidogo.

Hapo Hafidha akafanya jambo ambalo Gadiel hakulielewa. Alimvua Ndeshi zile spika. Akafunika masikio ya mtoto kwa pamba na kitambaa, kisha akamwekea spika moja kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akakunja vidole vyake viifumbate. Ndeshi alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka, ulikuwa mchezo. Hafidha alimwonyesha ule ubao, maneno yaleyale: UKISIKIA, INUA MKONO. Akamgusa mkono wa kulia, kwamba ainue huo.

Alizungusha kitufe.

Mkono wa kulia ukainuka wima, vidole vimenyooka.

Akanyamazisha. Ukashuka. Akarudisha. Ukainuka. Alipofika kwenye zile za katikati na nyembamba, mkono ulibaki gotini, kama siku ile ya kwanza. Hafidha aliacha vidole vyake juu ya mashine na hakuvisogeza tena.

“Si ameinua?” alisema Gadiel.

“Ameinua, baba.”

“Sasa mbona umenyamaza?”

“Baba, spika iko mkononi.”

“Naiona.”

“Haiko sikioni. Iko mkononi mwake. Masikio nimeyaziba. Na amejibu vilevile, kwa kiasi kilekile.” Hafidha alikigusa kile kiganja. “Mkono hausikii sauti. Unasikia mtetemo. Sauti nzito ikipandishwa sana inatikisa spika, kama gari kubwa linavyotikisa dirisha. Siku ile alikuwa anasikia mtetemo kwenye mfupa wa shavu, na leo ameusikia kwenye kiganja.”

Gadiel alitazama kile kiganja kilichofumba. Ilichukua muda. Alikuwa mkulima, alizoea kungoja jambo lichomoze lenyewe.

“Kwa hiyo nikimwita—”

“Kiboksi kinatetemeka kifuani na sikioni. Anajua kuna kitu kimetokea. Hajui ni nini, na hasikii sauti yako.”

Ndeshi alikuwa akiwatazama wote wawili, macho yakihama mdomo hadi mdomo. “Nimesikia zote!” alisema kwa sauti kubwa mno. “Dada, nimesikia hata zile ndogo. Nimefaulu?”

Hafidha alipiga magoti mbele yake ili nyuso zao ziwe sawa. “Ulisikia wapi?”

Ndeshi alifungua kiganja, akakionyesha.

“Na siku ile ya kwanza?”

Ndeshi aligusa mfupa chini ya sikio. “Hapa. Kama nyuki kwenye kibuyu.” Akaona nyuso zao. “Si mmesema nikisikia?”

Hafidha aliinua uso kumtazama Gadiel, na alikuwa msichana mdogo sana wakati huo. “Hajadanganya, baba. Amejibu nilichomwuliza. Tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia maumivu, na yeye alisikia. Mimi ndiye nilipaswa kumwuliza alisikia wapi, siku ileile. Nilifurahi, nikasahau kuuliza.”

Gadiel hakumlaumu. Hata angetaka kumlaumu, alikumbuka nani alisimama kwanza kutoka kwenye benchi.

“Hakuna dawa?” aliuliza.

“Kwa ugonjwa ulipofika, hakuna ninayoijua.”

“Upasuaji?”

“Sehemu ya kupasua ni nzima. Kilichokufa ni kule ndani kabisa, panapogeuza sauti kuwa habari ya kichwani.”

“Na mashine ikiwa kubwa kuliko hii?”

Hafidha alitikisa kichwa. “Itatetemeka zaidi tu.”

“Ni kama mgomba ulioingiwa na fukusi,” alisema Gadiel taratibu. “Majani mabichi, shina limesimama, unapita unausifu. Chini kisiki kimeliwa chote.”

Hafidha hakumjua fukusi, lakini alielewa. Alianza kueleza habari za shule za viziwi, lugha ya alama, jinsi mtu anavyoweza kusoma na kufanya kazi bila sikio. Alisema kwa shauku, na Gadiel alimsikiliza kwa heshima. Shule alizozijua zilikuwa za msingi, mikoa ya mbali. Ya sekondari? Hakuijua. Ya hapa karibu? Hakuijua. “Lakini nitauliza, baba. Nitaandika hata wizarani. Haiwezekani kusiwe na mahali.”

“Ahsante, mwanangu,” alisema Gadiel, kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyemtakia mvua njema.

Ndipo Ndeshi alipomvuta mkono. “Baba. Niambie wewe.”

Gadiel alimgeukia. Kwa Ndeshi, midomo ya baba yake ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote kusomeka. Alikuwa ameitazama tangu azaliwe. Gadiel alisema polepole, bila kupunguza neno, kwamba alichosikia ni mtetemo, kwa ngozi na mfupa. Sikio halikusikia. Siku ile pia halikusikia. Kule nyumbani pia.

“Hata ulipokuwa unaniita?”

“Hata nilipokuwa nakuita.”

Ndeshi alifikiri. Walimwona akifikiri, akirudi nyuma siku moja moja. “Baba mdogo alicheka nini?” aliuliza ghafla.

Gadiel alifungua mdomo kumjibu, naye Ndeshi akafumba macho.

Aliyafumba kwa nguvu, kope zikakunjamana. Gadiel alimgusa bega, akamgusa shavu. Hakufumbua. Hapakuwa na njia yoyote ya kumfikia. Muuza kanda kule nje alikuwa amebadilisha wimbo. Mama wa Nduruma alichungulia mlangoni akauliza kama ni zamu yake, Hafidha akamwashiria asubiri kidogo.

“Hicho kifaa, baba,” alisema Hafidha kwa sauti ya chini, ingawa kwa ajili ya Ndeshi hapakuwa na haja ya kushusha sauti. “Mnaweza kukaa nacho. Siwezi kumvua.”

“Kinamsaidia?”

Hafidha alitamani kusema ndiyo. “Kinamwambia kuna kelele. Barabarani ni hatari, maana atakiamini. Atafikiri amesikia gari linatoka wapi, kumbe hajui.”

“Na yule mama wa pale mlangoni?”

“Yeye usikivu wake umebaki mwingi. Huyo kingemfaa. Angesikia wajukuu.”

“Basi apewe.”

Gadiel aliinama, akashika waya ili aufungue kwenye sare ya binti yake. Ndeshi, macho bado yamefumbwa, akakishika kiboksi kwa mikono yote miwili. Gadiel hakuvuta. Alibaki ameinama hivyo, mgongo ukimuuma, hadi Ndeshi alipofumbua macho na kuona ni nani.

Akakifungua mwenyewe. Alichukua kile cha sikioni, kilichokuwa kikining'inia tangu kipimo kianze, akakipangusa kwa pindo la sketi kama alivyofundishwa, akauzungusha waya vizuri usije ukakatika, akampa Hafidha kwa mikono miwili.

*

Walishuka basi Tengeru, wakaanza kupanda mlima kwa miguu. Hawakupitia kwa Mwalimu Ephraimu. Gadiel alikwenda mbele, kisha akakumbuka kuwa hawezi tena kumwita mtoto aliye nyuma yake, akamngoja, wakaenda sambamba. Njia ilikuwa nyembamba, na mara kwa mara mmoja alilazimika kukanyaga majani.

Ilikuwa saa ya kutoka shule. Kundi la wasichana wa sare ileile lilikuwa likishuka, vitabu vimepakatwa, na katikati yao Zamda, binti wa mwenye duka pale barabarani, aliyekuwa akikaa na Ndeshi dawati moja.

“Shikamoo, baba Ndeshi!”

“Marahaba. Hamjambo?”

“Hatujambo!” Wakamzunguka Ndeshi, wakamshika mikono, wakamsifu sketi. Wote walisema kwa pamoja. Ndeshi alizungusha macho kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akachelewa, akacheka wenzake walipokuwa wamekwisha kucheka.

“Zamda, umemwona amevaa yunifomu?” alisema mmoja. “Anarudi huyu!”

“Alikuwa anatoroka hesabu tu,” alisema mwingine, wakacheka tena.

Zamda alisimama mbele ya Ndeshi, akaachama mdomo kwa kila neno, kama anamlisha. “Unarudi lini? Nafasi yako ipo. Nimeikatalia, hakuna aliyekaa!”

Hilo Ndeshi alilipata lote. Aligeuza uso na kumtazama baba yake.

Gadiel alikuwa na maneno mengi tayari. Tutaona, mwanangu. Mungu akipenda. Tunaendelea na matibabu. Ni maneno mazuri, watu huambiana kila siku njiani, na hakuna anayedhurika. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kuyafuata alipoona jinsi binti yake alivyokuwa akiitazama. Aliitazama bila kupepesa. Alikuwa hana kitu kingine cha kusikilizia.

“Harudi,” alisema Gadiel.

Wasichana waliachia mikono ya Ndeshi. Zamda alisema, “Lakini, baba—” kisha akatazama chini.

Ndeshi aliitazama midomo ya baba yake kwa muda kidogo zaidi, kama kuhakikisha hapana neno jingine linalofuata. Halikufuata. Akamgeukia Zamda.

“Mpe mwingine hiyo nafasi,” alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, hata watu waliokuwa wakilima ng'ambo ya mfereji wakainua vichwa. “Asante.”

Akapita katikati yao, akaanza kupanda. Gadiel akaongeza mwendo ili amfikie, awe upande wake, mahali ambapo akitaka kumsemesha ataonekana.